Jezi Namba Moja: Kazi ya Billy Slater Isiyohesabiwa

Makocha wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliotoka mazoezini mkaja moja kwa moja hapa, karibuni. Nimeombwa nizungumzie maisha ya fulbeki, yaani mlinzi wa nyuma kabisa, wa kulipwa katika raga ya ligi, ile ya watu 13. Nimemchagua Billy Slater wa Melbourne Storm, na walionisikia zamani wanajua ninakoelekea. Nitarudia tena kwamba kazi kubwa ya fulbeki ni ile isiyohesabiwa, kwa sababu kila Jumamosi naona bado hatujaelewana.

Trai 190, yaani mara 190 kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, katika mechi 319 za ligi kuu ya Australia, zote kwa klabu moja, kuanzia 2003 hadi 2018. Hizo mnazijua. Nikitaja jina lake tu, kijana mmoja hutoa simu anionyeshe ile trai ya Juni 2004, jimbo lake la Queensland wakicheza na jimbo la New South Wales. Mwenzake Darren Lockyer anauburuza mpira chini kwa mguu, Slater anauokota mbioni, anamkuta Anthony Minichiello amesimama mbele yake, anaupiga teke ukapita juu ya kichwa cha mpinzani huyo, anamzunguka, anauwahi. Alikuwa hata hajatimiza miaka 21. Ni trai nzuri sana, sibishi. Lakini ni sekunde chache katika mechi ya dakika 80. Dakika zilizobaki fulbeki anafanya nini? Hilo ndilo swali langu, na hakuna anayelitolea simu.

Anasema. Kazi ya kwanza ya fulbeki ni kusema.

Fikirieni safu ya ulinzi ya ligi. Kila mtu mwenye mpira akiangushwa, walinzi wanatakiwa warudi mita 10 kisha wapande tena kwa pamoja. Wanarudi, wanapanda, wanarudi, wanapanda, pumzi zimekwisha. Macho yao yako kwenye mpira na mtu aliye mbele yao. Nani anajua kwamba upande wa kushoto wapinzani ni wanne na sisi ni watatu? Ni yule aliye nyuma peke yake, mwenye jezi namba moja. Anahesabu, anaita majina, anamsogeza huyu, anamzuia yule asikimbilie mpira akaacha tundu. Slater hakuwa akinyamaza. Unaona mashambulizi ya wapinzani yanakufa kabla hayajaanza, na mtangazaji anawasifu walinzi wa mbele. Aliyewapanga hatajwi.

Mtu wa soka ataniambia, basi ni kama golikipa anavyowapanga mabeki wake. Sawa, lakini golikipa akimaliza kupanga anabaki langoni. Fulbeki akimaliza kupanga anadaka mpira ulioshuka kutoka angani huku watu wa kilo 100 wanamjia, anaurudisha mbele kwa mbio, kisha anatakiwa aonekane upande wa pili akishambulia.

Na huo mpira wa angani haumfuati alipo. Wapinzani wakishaangushwa mara tano, kwa kawaida wanapiga teke, maana wakiangushwa mara ya sita mpira si wao tena. Fulbeki mbovu anasubiri aone mguu umegonga mpira ndipo akimbie. Slater alikuwa ameshaanza kusogea, kwa kumsoma mpigaji alivyokaa. Mnadhani hatua mbili ni kitu kidogo? Ukichelewa hatua hizo mbili, unaokota mpira ndani ya eneo lako la trai, unabanwa humohumo, na timu yako inalazimika kuuanzisha kwa teke kutoka chini ya nguzo. Wapinzani wanaudaka na wanapata mara sita nyingine za kushambulia. Wenzako waliokwisha pumzi wanaanza upya. Kwa hatua mbili!

Sasa kuna wanaonijibu kila mwaka: yule bwana alikuwa na mbio tu, mengine ni maneno ya mwalimu. Hapana, sikubali. Mwaka 2015 na 2016 bega lilimwangusha, akapasuliwa, akapoteza karibu misimu yote miwili. Aliporudi 2017 alikuwa anafikisha miaka 34. Nionyesheni mtu ambaye mbio zake huongezeka akiwa na miaka 34 na bega lililoshonwa. Mwaka huohuo Storm waliwafunga North Queensland Cowboys 34 kwa 6 katika fainali kuu, na nishani ya Clive Churchill, ya mchezaji bora wa fainali, akapewa yeye, mara ya pili baada ya 2009. Churchill mwenyewe alikuwa fulbeki, wa South Sydney. Kilichombakia Slater kilikuwa macho na mdomo, na vilitosha.

Wengine watasema sisi hapa tunacheza ya watu 15 na ya watu saba, ligi inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu mtu wetu wa mwisho ananyamaza. Mmesikia wenyewe Jumamosi. Siongezi neno.

Na kosa la 2008 lazima nilitaje, maana makocha wanaliogopa. Fainali ya Kombe la Dunia, Brisbane, Australia na New Zealand. Slater anasukumwa kuelekea nje ya mstari, badala ya kutoka na mpira anaurusha ndani bila kutazama, Benji Marshall anauchukua, trai. New Zealand wakashinda 34 kwa 20. Nyuma ya fulbeki hakuna mtu wa kufuta kosa lake, nyinyi mnaompanga mtoto namba hiyo lijueni hilo, na msimtoe akikosea mara moja. Mwaka 2013, Old Trafford, Slater huyohuyo alifunga trai mbili Australia wakitwaa kombe hilo.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kueleza alivyotoka Innisfail akiwa na miaka 16 kwenda Sydney kuwafanyisha mazoezi farasi wa mashindano, na jinsi klabu yake ilivyonyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009 kwa kuvuka kikomo cha mishahara. Hayo yaulizeni kwenye maswali. Ukocha pia: tangu 2022 anaifundisha Queensland, na akashinda mfululizo wa mechi dhidi ya New South Wales mwaka huo na 2023. Mtu aliyepanga wenzake kwa sauti miaka 16, mnashangaa nini?

Sasa tutaweka fainali ya 2017. Nawaomba kitu kimoja: mpira uacheni. Mtazameni namba moja, hasa wakati hana mpira, na kila akinyoosha mkono mniambie nani amesogea.