Soksi za Sufi na Upepeo

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie utabibu wa jadi wa Kichina. Hiyo ni bahari, nikijaribu kuivuka yote jioni hii tutazama sote. Nitawaletea mgonjwa mmoja tu, na kosa nililomfanyia.

Nilimkuta Nanjing, mwezi wa saba, nikiwa mwanafunzi. Aliyewahi kufika kule anajua joto lake, Wachina wenyewe huuhesabu mji ule miongoni mwa matanuri yao. Chumba kizima watu wamevaa vyepesi. Anaingia mama wa miaka 51, mkononi ana upepeo, na miguuni ana soksi za sufi. Jozi mbili, moja juu ya nyingine. Anaketi, anajipepea uso. Akishamaliza kujipepea anainama anavuta soksi zipande juu.

Mimi na ujuaji wangu wa kianafunzi niliziona soksi, upepeo sikuuona. Nikamuuliza, miguu inapoa? Ndiyo, mpaka magotini. Kiuno? Kama nimekalia maji. Haja ndogo usiku? Mara tatu, na mkojo mweupe kama maji. Tumbo? Hapo akaona haya kidogo, akasema linamwamsha alfajiri, anaharisha, kisha anarudi kulala. Hilo Wachina wanaliita kuhara kwa zamu ya tano ya usiku, na jina lake jingine ni kuhara kwa kuwika jogoo. Niliposikia hivyo nikafurahi kabisa, maana kitabuni ndiyo dalili inayotajwa mbele kwa figo iliyopungukiwa na yang, yaani nguvu ya joto mwilini. Nikaandika dawa za kupasha moto, mzizi wa fuzi na mdalasini kwa wingi. Daktari wa zamu alikuwa na foleni ndefu, akaipitia haraka akatia sahihi.

Baada ya wiki mama amerudi. Hapati usingizi. Mashavu mekundu, mdomo mkavu, shuka analoa nalo kila usiku. Mwalimu wangu hakupandisha sauti. Alimwomba yule mama upepeo wake, akanionyesha mimi, akauliza, "Hiki ni nini?"

Sasa tuanze upya, tukiwa na upepeo mezani.

Chukueni taa ya chemli. Ndani mna mafuta na juu kuna mwali. Mafuta ndiyo yin: maji ya mwili, ubaridi wake, utulivu, usingizi. Mwali ndio yang: joto, mwendo, nguvu ya kusukuma. Mafuta yakipungua, mwali hurukaruka na kutia kioo cha taa masizi. Mtu huyo anahisi joto jioni na usiku, anatoka jasho akiwa amelala, viganja vinawaka. Mwali ukififia, kioo kinabaki poa na chumba giza. Huyo ni mtu wa baridi, uvivu wa tumbo, miguu iliyovimba. Hawa wawili wanatambulika bila shida kubwa. Taabu ni taa ambayo mafuta yamekaribia kwisha na mwali nao ni mdogo. Hiyo haitulii. Sasa hivi inaruka, punde inataka kuzima. Ukichungulia dirishani mara moja tu, utasema ulichokiona wakati ule, na utaapa.

Naona wazee wa mjini wananitazama. Najua mnachotaka kuniambia: haya mbona tunayo? Hari, baridi, yabisi na rutuba, tumelelewa nayo. Pweza moto, tango baridi. Kweli yanafanana, lakini kuna mahali yanapoachana, na mimi ndipo nilipojikwaa. Kwa hesabu yetu ya nyumbani, mtu mwenye hari anapewa kitu baridi, zinapimana, yamekwisha. Joto la yule mama halikuwa joto lililozidi. Ni ubaridi wake uliopungua. Na baridi ya miguu haikuwa baridi iliyomwingia kutoka nje, ni joto lake lililopungua. Kwa hiyo hayapimani. Ukiwa unadaiwa na Juma wa dukani na unadaiwa na Hamisi wa genge, madeni hayo hayafutani hata siku moja. Unadaiwa na wote wawili.

Sasa daktari anayajuaje madeni yote mawili? Njia ni nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Mimi nashikilia kuuliza, tena kuuliza saa. Mwalimu hakumuuliza mama kama anahisi joto au baridi, alimuuliza, "Nisimulie siku yako tangu unapoamka." Ikatoka yote. Asubuhi baridi, hana nguvu ya kupanda ngazi. Alasiri uso unawaka ghafla, jasho, halafu jasho likikauka anatetemeka. Usiku anatoa miguu nje ya blanketi kwa sababu nyayo zinawaka. Saa tisa anaamka nyayo hizohizo ni barafu. Nyayo zilezile! Joto la namna ile, la viganja viwili, nyayo mbili na kifua, wanaliita joto la mioyo mitano. Mimi niliuliza miguu inapoa, akajibu ndiyo, nikafunga daftari.

Swali la pili, kiu. Mdomo ulikuwa mkavu, tena mkavu sana usiku. Lakini alikunywa mafunda mawili matatu, na alitaka maji ya uvuguvugu. Mwenye moto wa kweli anaomba maji baridi, anamaliza gilasi.

Ulimi wake ulikuwa ramani. Umevimba na pembeni una alama za meno, hiyo ni yang iliyopungua. Ncha ilikuwa nyekundu, katikati una ufa, na huko nyuma kwenye shina hauna utando, hiyo ni yin. Siku ya kwanza niliutazama ulimi huohuo nikaona meno tu. Jicho linaona lile ambalo kichwa kimeshaliandika.

Halafu mapigo. Vidole vitatu vinawekwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Kidole kilicho karibu na kiganja kinakaa mahali paitwapo cun, cha kati guan, na cha tatu, kuelekea kiwiko, chi. Figo inasikilizwa kwenye chi, na hapo unabonyeza kwa kina. Mwenye upungufu wa yin mshipa wake ni mwembamba kama uzi na unakwenda mbio. Wa yang umezama na unakwenda polepole. Wa huyu mama ulikuwa mwembamba, juu unaelea kidogo, na kwenye chi kama haupo. Niseme ukweli wangu hapa. Mapigo ndiyo yanayowavutia watu, na ndiyo ninayoyaamini kidogo kuliko yote. Mara nyingi watafiti walipowapa matabibu kadhaa mgonjwa mmoja wampime kila mtu peke yake, majibu hayakulingana. Mimi nayatumia kuhakiki niliyokwisha kuyasikia mdomoni mwa mgonjwa.

Linabaki la kuuliza kipi kilianza. Kwa mama huyu kilianza kitambo: hedhi zilipoanza kuruka miezi, yin ndiyo iliyotangulia, baridi ikafuata. Wanasema upungufu wa yin ukidumu unafikia yang, kwa sababu mwali hauwaki bila mafuta. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, miaka kama 1,800 iliyopita, ameeleza mgonjwa wa kiu anayekunywa pishi ya maji na kukojoa pishi. Leo tungekimbilia kumpima sukari. Dawa aliyompa ina vitu vinane, na vipimo vyake ndivyo vinavyonifundisha mimi kila nikivisoma: liang 8 (liang ni kipimo chao cha uzito) za mzizi wa dihuang, ambao unalisha yin, na vingine vitano vikiufuata, kisha vijiti vya mdalasini liang 1, na fuzi liang 1. Katika jumla ya 27, za moto ni mbili. Anajaza mafuta kwanza, halafu anapandisha utambi kidogo tu. Mimi nilipandisha utambi kwenye taa kavu, na mlisikia kilichotokea.

Mwalimu alimwandikia mchanganyiko uliobuniwa Shanghai katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wanawake wa rika lile, mimea sita, mingine ya kupasha na mingine ya kupoza katika chungu kimoja. Majina yake siyataji, nawajua, kesho mtakuwa sokoni. Na fuzi niliyoitaja ni sumu ya moyo. Isipotayarishwa na kuchemshwa inavyotakiwa, inaua.

Kuna jambo nalitaka mniazime masikio kweli. "Figo" ninayoitaja hapa ni figo ya nadharia ya Kichina, siyo ile inayopimwa maabara. Na jasho la usiku Nanjing linaweza kuwa ukomo wa hedhi. Hapa kwetu, mtu anayeloa shuka, anayekonda, mwenye kikohozi cha wiki mbili, kohozi lake liende likapimwe kifua kikuu kabla mtu yeyote hajasema neno yin. Kiu na mikojo, apimwe sukari. Baridi na uchovu, atazamwe damu na tezi ya shingo. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na wale niliowaona wakifanya kazi walianza na maabara, ulimi wakautazama baadaye.

Naona bibi amenyosha mkono. Ndiyo, mama yangu, sema.

Anauliza, yule mama alipona?

Alianza kulala baada ya kama wiki mbili. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amevaa soksi jozi moja. Upepeo alikuwa nao bado, lakini ulikuwa mwezi wa nane, mama, na Nanjing mwezi wa nane hata mimi nilikuwa nao.