Pamba, Lami na Misumari ya Shaba

Asanteni. Mwenyekiti kanipa dakika 20, na ameshanitolea macho kabla sijafungua mdomo, maana anajua nitaanzia wapi. Naam, naanzia kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo.

Mmeniuliza kuhusu mashua ya safari ndefu, bora ya zamani au ya kisasa. Mimi sipimi vitu hewani, kwa hiyo nimechagua mbili zenye majina. Ya kwanza ni Suhaili. Ilishushwa majini Bombay mwishoni mwa 1964, mbao za msaji, mwili wa mita 9.9, upana 3.4, mlingoti mkubwa na wa galme, ule mdogo wa nyuma, na mlingoti wa maji umechomoza mbele kama wa jahazi. Jina lake hamhitaji kutafsiriwa. Babu zenu waliposema suheli walikuwa wanataja kusini. Ya pili ni Oceanis 46.1 ya Beneteau wa Ufaransa, ya 2018. Faiba, mwili wa mita 13.65, upana 4.5, sukani mbili.

Wewe kijana unayecheka pale nyuma, nimekuona. Unaona nimelinganisha ngalawa na hoteli. Haya, kwenye vyumba nimeshindwa: ukitaka, ile ya Mfaransa unaagiza hata yenye vyumba vitano. Tuendelee.

Suhaili ilichorwa kwa kufuata mashua za uokoaji za Norwei. Shetri, yaani nyuma, imechongoka kama omo, yaani mbele; mkuku unakwenda mbele mpaka nyuma, usukani umefungwa nje, nyuma kabisa, unauona na kuushika. Robin Knox-Johnston aliondoka nayo Falmouth, Uingereza, tarehe 14 Juni 1968, peke yake, kuzunguka dunia bila kusimama. Alikuwa na miaka 29. Hajafika mbali, yuko karibu na visiwa vya Cape Verde, ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo, ikaanza kujaa maji. Anafua maji asubuhi, jioni yamerudi. Akajitosa kuangalia. Chini kule, mbao zinapokutana na mkuku, mshono umeachia, na kila mashua ikilala unafunguka mbele ya macho yake. Pande zote mbili.

Nyinyi wa hapa mnajua dawa yake: kalafati, kuziba mishono kwa pamba. Lakini kalafati hupigwa chombo kikiwa pwani juu ya magogo, na chai pembeni. Yeye ana pumzi moja na nyundo. Pamba akiichomeka, inatoka kabla hajaigonga mara ya pili. Akapanda juu, akakaa kufikiri. Akaishona ile pamba kwenye ukanda wa turubai, akaupaka lami, akauchomeka misumari ya shaba kabisa. Akavaa shati jeusi na suruali ili weupe wa ngozi usiwaite papa, akazama kuugongomea. Papa akaja vilevile. Akapanda, akampiga risasi, akangoja aone kama damu italeta wenzake, kisha akarudi kazini. Juu ya turubai akapigilia bamba la shaba. Upande wa pili, hivyohivyo.

Aliingia Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, siku 312, hajakanyaga nchi kavu. Yalikuwa mashindano: walianza tisa, aliyemaliza ni yeye tu.

Najua nimeshaisimulia hapa, mwenyekiti usihesabu kwa vidole. Kila msimu ananijia mtu na picha kwenye simu, kaulizia vyumba, kaulizia friji, kaulizia spika za muziki. Sijampata hata mmoja aliyeuliza: ikivuja siku ya 15, nitaiziba kwa nini?

Mtasema faiba haina mishono. Kweli kabisa, Suhaili ya faiba isingevuja pale. Lakini faiba ina matundu ya choo, ya kupozea injini, ya hizo sukani mbili, na mkuku wake ni chuma kilichofungwa kwa bolti chini ya tumbo. Mei 2014 mashua ya futi 40 iliyoitwa Cheeki Rafiki, ndiyo, rafiki huyuhuyu wa Kiswahili, ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki. Watu wanne walikufa. Wachunguzi wa Uingereza walisema huenda kugonga chini siku za nyuma kulikuwa kumeshadhoofisha maungio. Sisemi kila bolti itakatika! Nasema mtu akikuuzia mashua iliyotumika, muulize imegonga chini mara ngapi, umtazame usoni.

Na umeme. Mimi mwenyewe tulikuwa tunaleta mashua ya kisasa kutoka Tanga kuja Mtwapa, kusi mgongoni. Tanga lake kubwa linajikunja ndani ya mlingoti kwa kitufe. Likakwama nusu ndani nusu nje, upepo unazidi. Mwenye mashua kabonyeza mpaka kidole kimechoka. Tanga halina habari. Kwenye jahazi ungelegeza jarari, kamba ya kupandishia tanga, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikashuka, ukaendelea na maisha.

Mwenyekiti kasimama. Haraka basi. Mwendo: ndefu ina mbio, hilo halina ubishi; Suhaili ilizunguka dunia kwa wastani wa kama noti 4 tu, yaani maili 4 za baharini kwa saa, na ukiwa na watoto njiani kwenda Ushelisheli siku zinazopungua ni maji na chakula. Kina: ya Mfaransa ya kawaida inakwenda chini mita 2.35, Suhaili 1.7 hivi, anayejua miamba yetu maji yakipwa amalizie mwenyewe. Bei nilikuwa nayo ukurasa mzima, tuiache.

Maswali mniulizie kulekule chini. Kuna ya faiba imepandishwa pwani, mwenyewe ametoa ruhusa, na maji bado hayajajaa. Leteni tochi. Nataka kila mtu apitishe kidole pale mkuku unapokutana na tumbo, aniambie kama kuna kutu inachuruzika.