Adrenalini Iliyoshusha Shinikizo: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Tiba ya Wanyama

Mwenyekiti, ahsante. Walimu wenzangu, wanafunzi, hamjambo. Mlionisikia mwaka jana mnajua ninaanzia wapi, na wale mnaotabasamu kule nyuma nawaona. Naanza na paka.

Kabla ya paka, nimalize ugomvi wangu na neno "mshipa". Damu inapita kwenye mshipa; fahamu nazo zina mishipa yake; mwenye ngiri naye anasema ana mshipa. Mwanafunzi akiniandikia kwenye mtihani "dawa hii hulegeza mshipa", sijui nimpe alama au nimpe pole. Leo nitasema neva kwa ile inayoamuru, na mshipa kwa ule unaobeba damu. Kati yao kuna misuli laini ya ukuta wa mshipa, yenye vipokezi, yaani mahali ambapo homoni au dawa hushika na kutoa amri. Mengine mlifundishwa mwaka wa kwanza, sirudii.

Haya, paka. Ni Uingereza, karne ya 20 ndiyo kwanza inaanza. Henry Dale, kijana bado, amepewa kazi asiyoitamani hata kidogo: kuichunguza ergoti, ile kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka. Paka amelala hana fahamu, mrija umeingia kwenye ateri, na karatasi iliyopakwa masizi inazunguka polepole huku kalamu ikikwangua mstari mweupe. Shinikizo la damu likipanda, mstari unapanda. Likishuka, unashuka.

Siku moja analetewa dondoo la tezi za adrenali, zile za juu ya figo zinazotoa homoni ya adrenalini, alipime. Kipimo chenyewe hakina mikogo: mdunge paka, mstari ukipanda, dondoo ni zima. Dale akamtumia paka ambaye tayari alikuwa na ergoti mwilini. Mstari ukashuka! Akaikataa sampuli, akaandika kwamba haina kitu. Baadaye ikaja sampuli nyingine, na yeye, bila kufikiri, akampa tena paka wa ergoti. Mstari ukashuka tena. Hapo ndipo aliposhtuka: sampuli zote mbili zilikuwa nzima. Kilichobadilika ni paka. Mwaka 1906 akayachapisha.

Nampenda Dale kwa kosa lile kuliko kwa Tuzo ya Nobel aliyoipata baadaye. Na mngejua ni wangapi kati yenu hulirudia kila muhula, na hamchapishi chochote!

Maelezo yake leo ni mepesi. Adrenalini ina milango miwili. Kwenye mishipa ya ngozi na utumbo hukuta zaidi vipokezi vya alfa, mshipa ukabana. Kwenye mishipa ya misuli ya mifupa kuna vipokezi vingi vya beta, mshipa ukatanuka. Siku za kawaida, dozi ikiwa kubwa, alfa inashinda na shinikizo linapanda. Ergoti ilifunga alfa, ikaacha beta wazi. Adrenalini ikaingia kwa mlango uliobaki. Ilichukua hadi 1948 ndipo Raymond Ahlquist akasema kuna aina mbili za vipokezi na kuzipa majina ya alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake lilimkatalia. Miaka 42 baada ya paka wa Dale!

Utaniambia: mwalimu, hayo ni ya makumbusho, nani leo anampa mbwa ergoti? Hakuna. Mnampa asepromazini, dawa ya kumtuliza. Nayo inafunga alfa.

Nimesimama chumba cha upasuaji, sisemi wapi. Mbwa amepewa asepromazini kabla ya nusukaputi, dozi ya kumtosha mbwa mara mbili ya uzito wake. Fizi zina rangi nzuri ya waridi, makucha yana joto, lakini ukishika mapigo pajani yanapotea chini ya vidole. Shinikizo limeanguka. Kijana mmoja, hodari kweli, akavuta adrenalini kwenye sindano kwa sababu kitabu kimemwambia adrenalini hupandisha shinikizo. Nilimshika mkono. Yule mbwa alikuwa paka wa Dale. Tulipunguza gesi ya usingizi, tukafungua dripu, tukawa na fenilefrini tayari, ambayo inagusa alfa bila kuichokoza beta. Noradrenalini, ndugu ya adrenalini inayomwagwa na neva zenyewe, nayo ingefaa, maana kwa beta ya mishipa haina nguvu kubwa. Na usiniulize "moyo ukisimama je?" Moyo uliosimama ni kesi nyingine, na hapo adrenalini ina kazi yake. Mimi nazungumzia moyo unaopiga na mishipa iliyolegea.

Kwa nini mbwa mmoja huanguka na mwingine hapati kitu kwa dozi ileile? Turudi kwa sungura. Mwaka 1851 Claude Bernard alikata neva ya simpathetiki, mojawapo ya zile zinazoamuru mishipa ya damu, shingoni mwa sungura akitarajia sikio la upande ule lipoe. Likawa la moto na jekundu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, aliitia umeme ncha iliyokatwa, sikio likapauka. Maana yake neva haingoji kuitwa. Muda wote imeushika mshipa. Sasa mchukue mbwa aliyepoteza damu, au aliyejaa hofu. Neva zake zimebana kwa nguvu zote, na kubana huko ndiko kunakomweka hai. Ukifunga alfa, umemwachisha kamba aliyoning'inia. Mbwa mtulivu, aliyejaa maji, hakuwa ameishika kamba kwa nguvu hiyo, basi hadhuriki sana. Ndiyo sababu nachoka nikisikia "dawa hii hushusha shinikizo". La nani? Akiwa katika hali gani?

Muda unakimbia, na mwenyekiti ameshaanza kukohoa. Zailazini na medetomidini kwa haraka, dawa za kutuliza ambazo, kinyume na asepromazini, huichokoza alfa. Hizi huanza kwa kubana mishipa kwenye ukuta wenyewe: fizi zinapauka, shinikizo linapanda, vihisi vya shinikizo shingoni vinaushtakia ubongo, moyo unapunguza mwendo. Baadaye dawa ikiwa imefanya kazi yake ubongoni, amri za simpathetiki zinapungua na shinikizo linateremka. Kwa hiyo fizi nyeupe dakika ya tano si habari ya shinikizo dogo. Mkikimbilia atropini, dawa ya kuharakisha moyo, hapo mnaupiga moyo mjeledi mbele ya mlango uliofungwa. Na ng'ombe! Dozi ya zailazini ya farasi usimpe ng'ombe. Anahitaji kama sehemu moja ya kumi tu.

Nilitaka kusema juu ya dawa ya reserpini inavyokausha ghala la noradrenalini kwenye neva, na juu ya mtafiti Furchgott aliyegundua kwamba ukiukwangua utando wa ndani wa ateri ya sungura, asetilikolini, kemikali nyingine ya neva, inashindwa kuilegeza. Hayo nayaacha.

Kwenye karatasi mliyogawiwa kuna mistari mitatu ya shinikizo, wanyama watatu, adrenalini ileile. Wa kwanza unapanda, wa pili unashuka. Wa tatu unapanda kidogo, kisha unateremka chini ya ulipoanzia. Anzeni na huo wa tatu, mniambie ni alfa kiasi gani iliyobaki wazi.