Mawe ya Roger: ubaya na utu katika riwaya za William Golding

Ndugu wasikilizaji, ukiuliza ubaya katika Lord of the Flies, riwaya ya Golding kuhusu wavulana waliokwama kisiwani bila watu wazima, unatoka wapi, wengi hujibu upesi: kwa Jack, mkuu wa wawindaji. Jibu hilo ni nusu. Jack anapenda kutawala, kweli, lakini ukimkodolea macho yeye peke yake utampita Roger, mfuasi wake.

Tufungue sura ya 4. Roger amejibanza nyuma ya mnazi, anamrushia mawe Henry, mtoto mdogo anayecheza ufukweni. Anamkosa makusudi. Golding anatoa mpaka kipimo: Henry amezungukwa na duara la yadi 6 hivi, na Roger hathubutu kutupia jiwe humo. Wazazi, shule, polisi na sheria hawapo kisiwani, lakini bado wameushika mkono wake. Angalieni vizuri: kinachomzuia si huruma, ni mazoea. Mazoea yanapochakaa, sura ya 11, Roger yuleyule anaegemea wenzo na kuporomosha jabali linalomuua Piggy, mvulana mnene mwenye miwani. Safari hii hakosi.

Katikati ya hayo kuna kifo cha Simon, sura ya 9, na hapo ndipo pa kusoma polepole. Simon anakuja kuwaambia wenzake kwamba mnyama wanayemwogopa ni maiti ya mtu wa parachuti. Wao wanamdhania ndiye mnyama, wanamuua gizani, mvua na radi, ngoma imepamba moto. Ralph, kiongozi waliyemchagua wavulana, na Piggy, wale tunaowaamini, wamo. Kesho yake Ralph anakiita kifo hicho mauaji. Piggy anasema ilikuwa ajali, na kwamba wao walikuwa pembeni tu. Pembeni! Neno hilo linanitisha kuliko wenzo wa Roger.

Golding alikuwa mwanamaji wa Uingereza, akashiriki kutua Normandy mwaka 1944, na alikuwa pia mwalimu wa wavulana. Aliandika kwamba binadamu hutoa ubaya kama nyuki atoavyo asali.

Riwaya iliyofuata, The Inheritors ya 1955, ni kali zaidi kwa ufundi. Lok, Mneanderthali, yaani mmoja wa jamii ya watu wa kale waliotoweka, anamwona mtu ng'ambo ya maji ameshika fimbo. Fimbo inafupika ncha zote mbili, kisha inarefuka ghafla, na kijiti kinatokea kwenye mti karibu na uso wake. Anarushiwa mshale, wala hajui. Karibu kitabu kizima tunatazama kwa macho ya Lok, tukiwachukia wageni hao wenye mishale, ambao ni watu kama sisi. Sura ya mwisho Golding anatuhamishia kwa Tuami, mmoja wao, ndani ya mtumbwi. Kumbe wanatetemeka kwa hofu. Tuami ananoa pembe amuue kiongozi wake, kisha anajiuliza kuna faida gani kuinoa ili kumuua mtu.