Bunduki Huanzia Kwenye Ganda: Kisa cha .458 Lott

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumze na wanafunzi wa ufundi wa mitambo kuhusu bunduki za uwindaji, na naona wengine mmekuja mkitarajia picha za mitutu inayong'aa. Picha sina. Nina ubao na chaki, na nitachora ganda la risasi.

Naanza na ganda kwa sababu bunduki haitangulii risasi, yaani ganda, baruti na kichwa kinachoruka vikiwa pamoja. Fundi anayejenga bunduki ya oda huchagua kwanza risasi, halafu risasi ndiyo inayomwamuru. Kipenyo cha tako la ganda huamua uso wa boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu. Urefu wake huamua ukubwa wa magazini na umbali ambao boliti itasafiri kwenda na kurudi. Shinikizo lake huamua unene wa chuma kitakachoizunguka chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na teke lake huamua kitako kitakuwaje. Sasa chukulia risasi yenyewe haiuzwi popote, ameibuni mtu mmoja kichwani mwake. Kazi yote hiyo itafanyika kuzunguka kitu ambacho bado hakipo. Wamarekani huiita waildikati. Mimi leo nitaiita risasi ya fundi.

Lakini hata huyo mbunifu haanzi bila kitu. Ganda huvutwa kiwandani hatua kwa hatua kutoka kwenye kisahani cha shaba ya manjano, na hakuna karakana ya mtu mmoja inayoweza kazi hiyo kwa gharama ya maana. Kwa hiyo huchukua ganda la kiwanda na kulibadili umbo: hulibana shingo, au hulitanua, au hulisogeza bega, ule mteremko chini ya shingo. Tako halibadiliki, maana hapo ndipo fataki ya kuwasha baruti inapokaa na hapo ndipo boliti inaposhika.

Kisa nilichokuja nacho, cha risasi ya fundi iitwayo .458 Lott, kinaanza mwaka 1956. Winchester, kampuni ya Marekani, walitoa risasi yao mpya, .458 Winchester Magnum (namba hiyo ni kipenyo cha kichwa kwa inchi), iliyokusudiwa hasa Afrika: tembo, nyati, kifaru. Kabla yake, mtu aliyetaka bunduki ya wanyama wa namna hiyo mara nyingi alinunua ya Kiingereza yenye mitutu miwili, kitu cha thamani ya nyumba. Winchester waliahidi nguvu ileile ndani ya bunduki ya kawaida ya boliti, kwa bei ambayo askari wa wanyamapori na mwindaji wa kati angeimudu. Kichwa cha gramu 32, mwendo wa mita 655 kwa sekunde. Idara za wanyamapori za Afrika ziliipokea kwa mikono miwili, na kwa haki kabisa.

Ila angalieni hapa ubaoni. Ili risasi ienee kwenye boliti ya urefu wa kawaida, ganda lilikatwa likabaki milimita 63.5. Kichwa kizito namna ile ni kirefu, na sehemu yake kubwa huzama ndani ya ganda. Nafasi inayobaki kwa baruti ni finyu. Kiwanda kikalazimika kuishindilia. Baruti iliyoshindiliwa ikikaa muda mrefu, tena kwenye joto, ilishikamana ikawa kibonge, na kibonge hakiwaki sawasawa. Risasi nyingine zilitoka dhaifu kuliko zilivyoandikwa kwenye boksi. Juu ya hapo, mwendo ule wa mita 655 ulipimwa kwa mtutu mrefu wa majaribio, wakati mitutu ya porini ilikuwa mifupi zaidi.

Fanyeni hesabu, ninyi ni mafundi. Nguvu ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Kwa mita 655 kichwa kile kina jouli 6,950 hivi. Kishushe hadi mita 610, utabaki na kama 6,000. Umepoteza karibu sehemu moja ya saba, na nyati hana habari na kilichoandikwa kwenye boksi.

Mwaka 1959, nchini Msumbiji, Mmarekani mmoja mwindaji na mwandishi aitwaye Jack Lott alijeruhiwa vibaya na nyati, akiwa na bunduki ya .458. Alipona. Mtu mwingine angetafuta bunduki kubwa zaidi, na zilikuwepo. Lott alirudi kwenye ganda, na jibu lake, lililokamilika mwaka 1971, ni la kawaida kiasi cha kuchekesha: lirefushwe.

Alichukua ganda la .375 Holland & Holland Magnum, la Uingereza la mwaka 1912, ambalo wakati huo lilipatikana karibu kila mahali palipokuwa na uwindaji. Tako lake lina kipenyo kilekile cha .458 na lina mkanda uleule wa shaba mbele ya tako. Kwa kweli .458 yenyewe ilitoka kwenye ukoo huo. Ganda hili linapotanuliwa mpaka mdomo ukapokea kichwa cha inchi 0.458, bega hupotea na ganda hunyooka. Shaba inayotanuka kwa upana hupungua kwa urefu, ndiyo maana ganda lililoanza na milimita 72 na ushee liliishia 71. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Shaba ndiyo iliyoamua.

Milimita saba na nusu, basi. Lakini zote ziliingia kwenye nafasi ya baruti. Kushindilia kukapungua, kichwa kilekile kikafika mita 700 kwa sekunde, takriban jouli 7,960. Na pale ambapo mtu hakutaka mwendo wote huo, aliweza kupata ile mita 655 iliyoahidiwa tangu 1956 bila kulikamua ganda. Kwangu hilo ndilo la maana zaidi kuliko zile 700.

Sasa bunduki. Magazini ya .458 haitoshi tena, kwa hiyo fundi hutafuta mwili uliotengenezwa kwa risasi ndefu. Wengi walichukua Winchester Model 70 ya .375, na wengine ZKK 602 ya Brno kule Chekoslovakia, chuma kirefu na kinene chenye kucha ya mtindo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani. Kucha hiyo hulikamata tako la ganda tangu linapotoka magazini, wala hailiachii mpaka litupwe nje. Mbele ya nyati, mtu mwenye hofu husukuma boliti nusu kisha akaivuta tena. Bila kucha, risasi ya pili huja kugongana na ya kwanza.

Mtutu hukerezwa, kisha chemba hupanuliwa kwa rima, kifaa cha kukereza tundu, na wakati huo rima ya Lott ilibidi isagwe kwa oda kwa sababu risasi haikuwemo kwenye katalogi yoyote. Hapo ndipo pesa huanza kutoka. Rima, geji za kupimia kina cha chemba, dai (kalibu) za kulitengeneza ganda, vyote vilikuwa vya mtu mmoja. Geji huwa mbili: ya kwanza, boliti lazima ijifunge juu yake, ya pili, lazima igome. Ganda lililonyooka halina bega la kulizuia lisizame chemba, kwa hiyo kazi yote ya kulisimamisha hufanywa na mkanda ule mdogo. Kosea hapo, ganda litavutika mpaka likatike juu ya mkanda, na gesi yenye shinikizo la zaidi ya mara 4,000 la hewa tunayovuta itatafuta njia ya kurudi usoni kwako. Kitako nacho hupasuka kwa teke ikiwa mbao haikukaa sawasawa nyuma ya chuma, ndiyo maana mtaona bunduki hizi kitako chake kimepitishwa vyuma vya kukaza ubavuni.

Kwa kulinganisha, niwape upande wa pili. P. O. Ackley, fundi wa Marekani aliyefundisha ufundi wa bunduki kwenye chuo cha Trinidad, Colorado, ndiye jina kubwa kuliko yote katika mambo haya. Alinyoosha kuta za maganda na kuyapa bega kali la nyuzi 40. Aliwahi kuondoa chuma kinachofunga boliti ya bunduki ya Winchester 94, akafyatua risasi yake, na ganda lenye kuta zilizonyooka likang'ang'ania chemba lenyewe. Alitaka kuonyesha jinsi umbo la ganda linavyopunguza mzigo wa boliti, wala hakumwambia mtu aende kuwinda hivyo. Huyohuyo Ackley, kwa mzaha wa mhariri mmoja, alichukua ganda kubwa la .378 Weatherby akalibana mpaka kipenyo cha inchi 0.22, wakitafuta futi 5,000 kwa sekunde. Hawakuzifikia. Mtutu unaopitishiwa baruti kiasi kile kwenye tundu dogo vile huliwa koo, pale mifuo inapoanzia, upesi sana. Risasi ile haikuwa na tatizo la kutatua, ilikuwa na namba ya kufukuza, na risasi nyingi za fundi ni za aina hiyo. Nasema hivi nikijua kuna watakaonuna.

Zilizodumu huwa na shida ya kweli nyuma yake. .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda pana kwa sababu baruti ya kordaiti ilipandisha shinikizo kwenye joto la nchi kama zetu, na Waingereza walihitaji nafasi ya usalama. Kuanzia miaka ya 1960 Kynoch wa Birmingham, watengenezaji wa risasi, waliachana na risasi hizi kubwa, na watu wakabaki na bunduki nzuri zisizo na chakula. George Hoffman wa Texas akatanua tena ganda lilelile la .375 likapokea kichwa cha inchi 0.416. Mwaka 1988 Remington wakatoa .416 yao ya kiwandani, inayofuata wazo hilohilo. Na .458 Lott? Mwaka 2002 Hornady walianza kuuza risasi zake na Ruger bunduki zake. Miaka 31 kutoka karakana hadi viwanda vikubwa.

Jambo moja la sheria, haraka. Tanzania, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hakuna kuunda silaha bila leseni. Asitoke mtu hapa akaenda kuwasha lethi, mashine ya kukereza chuma.

Maswali? Kijana wa pale nyuma.

Anauliza: mwindaji aliyeko Rufiji risasi zake za Lott zikipotea uwanja wa ndege, afanyeje, maana hizi si za kila duka?

Swali zuri, na Lott alilijibu kabla hujazaliwa. Atafute .458 Winchester, ambazo kambi nyingi wanazo, azitie kwenye bunduki hiyohiyo. Kipenyo ni kimoja, mkanda ni ule ule, na mkanda ndio unaolisimamisha ganda, kwa hiyo ufupi wake hauna madhara. Shabaha inaweza kupungua kidogo kwa sababu kichwa huruka pengo kabla ya kukamata mifuo ya mtutu. Kinyume chake haiwezekani: Lott haiingii kwenye chemba ya .458. Na akirudi kwenye zile ndefu, kwanza aipige chemba brashi, kwa kuwa ganda fupi huacha pete ya masizi mbele ya mdomo wake, palepale ambapo mdomo wa ganda refu unahitaji kukaa.