Inez Prosser na Swali Ambalo Mtihani Hauliulizi

Ndugu walimu, nanyi wanachuo mnaojiandaa kuingia darasani, profesa ninayetaka kuwaeleza habari zake leo hakufundisha chuoni hata miaka kumi. Bado namweka juu ya wengi waliozeekea kazini.

Inez Beverly Prosser alizaliwa Texas, Marekani, katika miaka ya 1890, katika familia ya watoto 11. Alipata cheti cha ualimu katika chuo cha watu weusi cha Prairie View mwaka 1912, akafundisha shule za watoto weusi. Alipotaka shahada ya uzamili, vyuo vikuu vya Texas vilivyotoa shahada hiyo havikuwa vikipokea weusi. Ikabidi aende Colorado, akasomee huko saikolojia ya elimu. Mwaka 1927 akaajiriwa Chuo cha Tillotson, Austin, baadaye Tougaloo, Mississippi. Vilikuwa vyuo vidogo vya watu weusi, na kazi hazikuwa na mipaka: pale Tillotson alikuwa profesa wa elimu, mkuu wa taaluma na msajili kwa pamoja.

Mwaka 1933 Chuo Kikuu cha Cincinnati kilimtunuku shahada ya uzamivu. Hapa naomba tutulie kidogo.

Zama zile wasomi wengi walishughulika kupima akili za watoto weusi na kuzilinganisha na za weupe. Katika utafiti wake wa shahada hiyo, Prosser aliacha njia hiyo. Alichukua watoto weusi wa mji ule, wengine wakisoma shule za mchanganyiko wa weusi na weupe, wengine shule za weusi watupu, akawalinganisha wao kwa wao. Wanapatana vipi na wenzao? Na mwalimu? Na nyumbani je? Akakuta wengi wa wale wa shule za mchanganyiko wanajiona wageni, wanyonge, na uhusiano wao na walimu si mzuri.

Matokeo hayo yalizua ubishi, maana wapigania haki walikuwa wakidai shule za pamoja. Wapo wanaomsoma kana kwamba alitetea ubaguzi. Mimi sikubali hata kidogo. Mwanamke aliyelazimika kwenda mbali na kwao ili asome aliujua ubaguzi kuliko wasomaji wake. Alichoonyesha ni kwamba kumfungulia mtoto lango hakutoshi, ikiwa ndani hakuna mwalimu anayemtarajia afaulu.

Yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuujibu ubishi huo. Alifariki mwaka 1934 kwa ajali ya gari, shahada ikiwa na mwaka mmoja tu.

Miaka 20 baadaye, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kutenganisha wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini tazameni ulivyotekelezwa majimbo ya Kusini: shule nyingi za weusi zilifungwa, watoto wakahamishwa, na maelfu ya walimu weusi wakapoteza kazi. Ningependa maswali yenu yaanzie hapo, kwa walimu hao.