Wazee Hawakuanza Jana

Mhadhara uliotolewa Upanga, Dar es Salaam

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, feni ya huko haizunguki, nimeshaijaribu.

Mama mwenyekiti amenipa dakika 40 na mada ndefu: uzee, umri mrefu na kuporomoka kwa jamii katika historia. Waliowahi kunisikia wanajua nitaanzia wapi. Naona wanaanza kucheka. Chekeni tu, hili la umri wa watu wa zamani nitaliacha siku mtakapoacha kulikosea.

Wiki iliyopita nilipanda daladala kutoka Mbagala. Kijana mmoja kanipisha kiti, Mungu amzidishie. Konda akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mzee wangu, wewe unakula bonasi. Watu wa zamani walikuwa wanakufa na miaka 30." Basi zima likacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamuuliza hayo kayatoa wapi. Akasema kayaona kwenye simu.

Nikamwambia, haya, wewe si unajua hesabu za chenji? Chukua hii. Mama kazaa watoto 10. Wanne wamekufa wachanga, hawakutimiza hata mwaka. Sita wamekua, wakaoa, wakaolewa, wakazeeka, wakafa na miaka 60 kila mmoja. Jumlisha: miaka 360. Gawa kwa 10. Konda kapiga hesabu haraka kuliko wanafunzi wangu wote niliowahi kuwafundisha: 36. Nikamuuliza, katika hao 10, nani kafa na miaka 36? Kanyamaza. Kapokea nauli ya watu wawili, kamshusha mama mmoja na beseni lake, tumefika Mtongani ndipo akageuka: "Sasa hiyo 36 ni ya nani?"

Ni ya nani! Swali hilo nimelisubiri miaka mingi kwenye madarasa na semina, nimekuja kulipata kwa konda. Ile 36 si ya mtu yeyote. Hakuna kaburi lake. Ni hesabu ya vifo vya watoto iliyovikwa kanzu ya babu. Lakini msomi anasimama na tai yake, anasema, "Zamani mtu wa miaka 35 alikuwa mzee," na watu wanaandika kwenye daftari.

Hebu fikirini kidogo. Zaburi ya 90 inasema siku za miaka yetu ni 70, na tukiwa na nguvu 80. Ingekuwa watu hawafiki huko, aliyesikia zaburi hiyo si angedhani anatukanwa? Quran katika Surat An-Nahl inataja anayerudishwa kwenye umri dhalili, akawa hajui kitu baada ya kuwa anajua. Huyo mzee aliyesahau majina ya wajukuu alikuwa anajulikana Bara Arabu karne ya 7. Wasparta wa Ugiriki ya kale walikuwa na baraza la wazee 28, ukiacha wafalme wao wawili, na sharti la kuingia lilikuwa umri wa miaka 60. Kama watu walikuwa wanaishia 30, baraza hilo lingekaliwa na nani, mizuka?

Najua kuna mtu anasema moyoni: hao ni wakubwa, waliokula vizuri. Augusto wa Roma alikufa akikaribia miaka 76, mkewe Livia 86, sawa, wale walikuwa na watumwa wa kuwapepea. Basi tuache majumba ya kifalme twende Ziwa Eyasi, hapa hapa kwetu.

Miaka ya 1980 watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe. Wahadzabe hao, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, hawakuwa na ghala wala ng'ombe, wala duka. Umri wao wa kuishi ukiuhesabu tangu kuzaliwa kwa ule wastani wa konda wangu ulikuwa kama miaka 33. Na bado watafiti wale walikuta bibi. Bibi wengi, wakavu, wenye nguvu, wameshika mti uliochongwa ncha, wanachimba mizizi juani. Walipopima saa za kazi, bibi waliokwisha kuzaa walikuwa wanachimba muda mrefu kuliko mabinti zao. Na mama akipata mtoto mchanga, yule mkubwa aliyeachishwa ziwa anakua vizuri au vibaya kulingana na jasho la bibi yake.

Kutoka hapo ikazaliwa hoja inayojadiliwa vyuoni dunia nzima: kwamba huenda binadamu huishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma kwa sababu bibi aliyekuwa hai aliwaokoa wajukuu. Wengine hawakubaliani, na wana haki yao. Mimi linaloniuma ni jingine: hoja kubwa kabisa ya uzee wa binadamu imechimbwa kwenye udongo wa Tanzania, na ukimuuliza mwanafunzi wetu atakwambia uzee uliletwa na dawa za wazungu. Kilicholetwa na chanjo, maji safi na dawa ni watoto kutokufa. Baadaye sana ndipo wazee nao wakaanza kuongezewa miaka. Watafiti waliokusanya takwimu za jamii za wawindaji sehemu nyingi za dunia walikuta kwamba mtu mzima akishavuka utoto, umri unaoonekana zaidi wa kufa ni kama miaka 70. Mimi nina 71. Konda alikuwa sahihi kwa mwaka mmoja.

Naona mwenyekiti ameshika saa. Bado, mama, sijafika kwenye kuporomoka.

Kuna maneno siku hizi kwamba jamii hufa kwa kuzeeka: wazee wakizidi nchi inachoka, inapoteza ari, inaanguka. Utasema najitetea. Ndiyo, najitetea, lakini sikilizeni takwimu zetu wenyewe. Sensa ya 1978 ilitupa umri wa kuishi miaka 44. Ya 1988 ikatupa 50. Miaka 10, tumepanda 6. Ya 2002 ikatupa 51. Miaka 14, tumepanda mmoja! Ile miaka ilikwenda wapi? Wote hapa mnajua ilikokwenda. Kila mmoja ana jina analoweza kulitaja.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu wilaya ya Muleba, Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, kabla haujapewa jina la kitabibu. Nikaitisha kikao cha wazazi. Ajenda ilikuwa madawati. Nimeingia darasani, nimeweka karatasi zangu mezani, nimeinua macho: bibi watupu. Mabenchi yote. Bibi na vitenge vyao na fimbo zao, na babu wawili karibu na mlango. Wa miaka 30 hayupo. Wa 40, mmoja, kakohoa kikao kizima. Nilikuwa kijana mpumbavu, nikasema, "Nimeita wazazi." Bibi mmoja akanijibu taratibu sana, "Ndio sisi, mwalimu."

Sikuendelea na madawati siku ile.

Sasa niambieni, jamii ile ilikuwa imezeeka? Ukitazama waliokaa kwenye mabenchi utasema ndiyo. Lakini ilikuwa imevunjika kiunoni, katikati, pale penye watu wa kulima na kuzaa, na waliobaki kuushikilia mwili usianguke ni hao bibi. Walilima kibanja, waliuza kahawa, walinunua daftari. Yule mwenye fimbo alikuwa na wajukuu 7. Nchi haikumpa posho, haikumpa hata kiti. Miaka 12 baadaye, 2003, tukaandika Sera ya Taifa ya Wazee. Leo kuna kibao hospitalini, mpishe mzee apate huduma kwanza. Kibao nakipenda. Dawa ningezipenda zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniambia jamii inaporomoka, siulizi wazee ni wangapi, nauliza nani anakufa. Mfaransa mmoja, Emmanuel Todd, alitabiri mwaka 1976 kwamba Muungano wa Kisovieti utaanguka. Hakuhesabu makombora. Aliona vifo vya watoto wachanga vimeanza kupanda, tena wakubwa wa huko wameacha kuchapisha takwimu. Ninyi mngefanya nini? Walimcheka.

Utaniambia, mzee, lakini pale Moscow si walikuwa wazee waliong'ang'ania? Brezhnev kafa Novemba 1982 na miaka 75, Andropov Februari 1984 na 69, Chernenko Machi 1985 na 73. Misiba mitatu ya wakuu kwa muda usiozidi miaka miwili na nusu. Sitawatetea. Lakini mzee kukalia kiti asichotaka kukiachia ni jambo moja, na mzee kuwa hai ni jingine, tusiwafunge kwenye mtumba mmoja. Kuna wang'ang'anizi wa miaka 40 pia, mitaa yenu mnaijua. Na baada ya kuanguka waliokufa sana ni wanaume wa makamo: kufikia 1994 umri wa kuishi wa mwanamume wa Urusi ulikuwa kama miaka 57. Kiuno tena.

Haraka haraka. Wilaya ya Meatu, Usukumani. Mtafiti Edward Miguel alichapisha mwaka 2005: miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalikuwa kama mara mbili ya miaka ya kawaida. Wengi waliouawa ni bibi, na mara nyingi waliomuua ni wa nyumbani. Macho mekundu, wanasema. Mpikie mtu kwa kinyesi cha ng'ombe miaka 50 tuone macho yako yatakuwa ya rangi gani. Mvua ikikataa, bibi analipa. Sitaki mtu aniambie hapo wazee ndio walioiangusha jamii.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu wa karne ya 14, nilimpangia dakika 10, sasa ana moja. Anasema dola ina umri kama mtu: vizazi vitatu, kila kimoja miaka 40, jumla 120. Watu wanamsoma hapo wanafunga kitabu. Endeleeni kusoma! Kizazi cha kwanza kinajua shida na mshikamano, cha pili kinakumbuka, cha tatu kimesahau na kimezama kwenye starehe. Ugonjwa anaoutaja ni kusahau. Na mwenyewe alifiwa na wazazi wote wawili kwenye tauni akiwa na miaka 17, kisha akiwa na miaka 68 akateremshwa kwa kamba kutoka ukuta wa Dameski kwenda kuzungumza na Timur, mtekaji aliyeuzingira mji. Mzee wa kamba, fikirini.

Bismarck wa Ujerumani na pensheni yake ya 1889 iliyoanza miaka 70, naruka. Japani naruka. Kikokotoo cha pensheni naruka, tusije tukalala hapa.

Bibi Mfaransa nisimwache. Jeanne Calment, miaka 122, kafa 1997. Akiwa na miaka 90 wakili mmoja aliandikiana naye mkataba: atamlipa faranga 2,500 kila mwezi mpaka afe, kisha achukue nyumba. Wakili kalipa miaka 30. Kafa yeye kwanza, na mjane wake akaendelea kulipa.

Basi, basi, nimeiona karatasi, mama mwenyekiti. Maswali. Tuanze na yule dada mwenye kilemba cha kijani, mkono wake uko juu tangu Sparta.